Mshahara umepanda, hela ya watoto itakuwaje? Maswali ya wazazi tunaoishi Uingereza

Haya ni maswali ninayoulizwa kila mara: kwenye kundi la WhatsApp, nje ya ukumbi sherehe inapokwisha, na wakati mwingine mtu ananisimamisha kituo cha basi akiwa na slipu ya mshahara mkononi. Nimeyapanga kuanzia yale ya kawaida hadi yale yanayowapata wachache. Viwango vyote ni vya mwaka wa kodi wa 2025/26, yaani kuanzia Aprili 6, 2025 hadi Aprili 5, 2026, isipokuwa pale nilipotaja tarehe nyingine. Viwango hubadilika kila Aprili, kwa hiyo ukisoma ukurasa huu baadaye, shika jinsi hesabu inavyokwenda, halafu tafuta kiwango cha mwaka wako.

## Ya kuanzia

1. Nimeongezewa mshahara. Hela ya watoto itapungua?

Kwanza niambie ni hela ipi. Watu wengi wanasema "benefiti" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe kuna mifuko miwili isiyohusiana. Wa kwanza ni Child Benefit, posho inayolipwa na mamlaka ya kodi, HMRC, kwa karibu kila anayelea mtoto. Wa pili ni Universal Credit, inayolipwa na DWP, wizara ya kazi na pensheni, kwa wenye kipato kidogo, na ndani yake kuna fungu la watoto.

Mshahara ukipanda kutoka pauni 24,000 hadi 27,000 kwa mwaka, Child Benefit haiguswi hata peni moja, lakini Universal Credit itapungua mwezi huo huo. Ukipanda kutoka 58,000 hadi 65,000, Universal Credit kwa familia nyingi haipo tena, na ni Child Benefit ndiyo inayoanza kurudishwa. Nyongeza ni ile ile, ila kila ofisi ina macho yake.

2. Wanaangalia mapato ya nani: yangu, ya mwenzangu, au ya nyumba nzima?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

Child Benefit inaangalia mtu mmoja tu, yule mwenye kipato kikubwa kati yenu wawili. Mume akiwa na 59,000 na mke 59,000, nyumba inaingiza 118,000 na hawadaiwi chochote. Jirani yao anayelisha familia peke yake kwa mshahara wa 80,000 anairudisha yote. Wengi wanaona hii si haki, nami ni mmoja wao. Serikali iliyopita ilisema mwaka 2024 kwamba itahamia kwenye mapato ya kaya nzima, kisha iliyofuata ikaachana na wazo hilo. Kwa hiyo sheria imebaki pale pale.

Universal Credit ni kinyume chake. Mkiishi pamoja kama wenza, mnaomba pamoja, na mishahara yenu inajumlishwa kila mwezi. Kuificha ya mmoja ni kosa la jinai.

3. Je, inawezekana nikaongezewa mshahara nikabaki na pesa pungufu kuliko mwanzo?

Kwa Child Benefit na Universal Credit zenyewe, hapana. Zote mbili zinapungua kidogo kidogo. Unabaki na sehemu ya nyongeza yako, ingawa wakati mwingine ni sehemu ndogo ya kukatisha tamaa.

Tuchukue mtu anayelipwa Universal Credit, anayekatwa kodi ya asilimia 20 na bima ya taifa ya asilimia 8. Akiongezewa pauni 100 kazini, zinafika nyumbani 72. Universal Credit inapungua kwa asilimia 55 ya hizo 72, yaani pauni 39.60. Anabaki na pauni 32.40. Upande wa juu, mtu wa England mwenye watoto wawili aliye kati ya 60,000 na 80,000 anakatwa kodi asilimia 40, bima ya taifa asilimia 2, na Child Benefit inayorudishwa ni kama asilimia 11 ya kila pauni inayoongezeka. Anabaki na peni 46 au 47.

Hatari ya kupoteza kweli ipo kwenye vitu vinavyofuata nyuma ya benefiti, ambavyo havipungui taratibu bali hukatika mara moja kama kamba. Angalia swali la 21 hadi la 23. Nimeona watu wakikataa cheo kwa kuogopa kupoteza Child Benefit, na nilipokaa nao mezani na kalamu, kila mmoja alikuwa anakimbia pesa.

## Child Benefit na mstari wa pauni 60,000

4. Wanalipa kiasi gani, na inaanza kukatwa wapi?

Kwa mtoto wa kwanza ni pauni 26.05 kwa wiki, na kila anayefuata ni 17.25. Kwa kawaida inaingia benki kila baada ya wiki nne, siku ya Jumatatu au Jumanne. Mtoto mmoja ni pauni 1,354.60 kwa mwaka, wawili ni 2,251.60.

Yule mwenye kipato kikubwa akivuka 60,000, anaanza kudaiwa kodi maalumu: asilimia 1 ya Child Benefit yote kwa kila pauni 200 zilizozidi. Akifika 80,000 anadaiwa yote. Baba wa watoto wawili mwenye 66,000 amezidi kwa 6,000. Gawanya kwa 200, unapata 30. Atarudisha asilimia 30 ya 2,251, yaani kama pauni 675, na familia inabaki na zaidi ya 1,500.

Kama ulisikia kwamba mstari ni 50,000, hukudanganywa. Ndivyo ilivyokuwa tangu Januari 2013 hadi Aprili 2024, na yote ilikuwa imekwisha ukifika 60,000.

5. Mwenzangu amevuka 60,000 miezi mingi iliyopita, mbona bado naipokea yote?

Kwa sababu haikatwi kwenye malipo yenyewe. Mama anaendelea kupokea kamili kwenye akaunti yake, kisha baba anadaiwa kodi baada ya mwaka kuisha. Ofisi haitakuja kukuuliza mapema. Utashtukia bahasha ya kahawia mlangoni, na kwa wakati huo pesa ilishakuwa viatu vya shule. Kama mmevuka mstari na hamna uhakika, iwekeni kando kila mwezi sehemu mtakayodaiwa.

6. Tunailipaje hiyo kodi?

Kuna njia mbili. Ya zamani ni kujaza fomu ya kodi ya kila mwaka, ile wanayoiita Self Assessment. Kama hujawahi kujaza, unajiandikisha kabla ya Oktoba 5 baada ya mwaka wa kodi kuisha, kisha unajaza mtandaoni na kulipa kabla ya Januari 31. Njia mpya, iliyoanza mwaka 2025, ni kwa mwajiriwa asiye na sababu nyingine ya kujaza fomu: anaomba HMRC wamkate kidogo kidogo kupitia mshahara, na namba yake ya kodi inabadilishwa. Kwa mtu wa mshahara mmoja usio na mambo mengi, ningemshauri hii ya pili.

7. Mume wangu anapata zaidi ya 80,000 na mimi nalea tu. Kuna haja gani ya kuomba kitu kitakachorudishwa chote?

Ipo, na ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Fomu ya Child Benefit ina alama ya kuweka ukisema: andikeni ombi langu, ila msinilipe. Hapo hakuna wa kudaiwa kodi, lakini jina lako limeingia kwenye vitabu. Kila mwaka unaolea mtoto aliye chini ya miaka 12 bila kufanya kazi, unahesabiwa kwenye bima ya taifa kana kwamba ulikuwa kazini. Pensheni kamili ya serikali kwa kawaida inataka miaka 35 ya aina hiyo. Mama aliyekaa nyumbani miaka tisa bila kuomba anaweza kufika uzeeni na pengo la miaka tisa. Isitoshe, mtoto aliyesajiliwa hutumiwa namba yake ya bima ya taifa anapokaribia miaka 16, bila kuhangaika.

Ombi liandikwe kwa jina la yule asiyefanya kazi. Dada mmoja niliyemsaidia alikuta limeandikwa kwa jina la mumewe, aliyekuwa akichangia bima yake kazini muda wote. Mume hakufaidika chochote na dada miaka yake ilikuwa inapotea. Ombi likichelewa linarudishwa nyuma miezi mitatu tu, kwa hiyo usisubiri mtoto afike kindagateni.

8. Wanaposema "mapato", ni mapato yapi hasa?

Si ile tarakimu kubwa iliyo kwenye mkataba wa kazi, wala si ile inayoingia benki. Ni mapato yote yanayotozwa kodi: mshahara, bonasi, faida ya biashara, pango la nyumba uliyopangisha, riba ya akiba, gawio la hisa, na marupurupu yanayotozwa kodi kama gari la kampuni. Kisha unatoa michango ya pensheni na sadaka ulizotoa kwa taasisi zilizosajiliwa kupitia mpango wa Gift Aid.

Pensheni ndiyo silaha kubwa. Mtu mwenye 63,000 na watoto wawili anadaiwa asilimia 15, kama pauni 337. Akiweka pauni 2,400 kwenye pensheni binafsi, mfuko unaongezewa 600 za nafuu ya kodi, na jumla ya 3,000 inatolewa kwenye mapato yake. Anarudi kwenye 60,000 kamili na deni la Child Benefit linafutika. Kwa kuwa alikuwa kwenye kodi ya asilimia 40, anaweza kudai nafuu nyingine ya 600. Pesa imefungiwa hadi uzeeni, hilo kweli, na kama mwezi hauishi bila kukopa, huu si ushauri wako.

Angalia pia P60 yako, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka mzima. Kama pensheni ya kazini hukatwa kabla ya kodi, kiasi kilichoandikwa pale kimeshapunguzwa. Usikitoe mara ya pili.

9. Pesa ninazotuma nyumbani kila mwezi hazipunguzwi?

Hapana. Ada ya mdogo wako, dawa za mama, mchango wa harusi ya binamu, vyote havipunguzi hata pauni moja, kwa Child Benefit wala kwa Universal Credit. Mbele ya sheria hizo ni matumizi yako. Najua inauma, hasa kwa mtu anayebeba boksi usiku ili watu sita wale mchana.

10. Nina nyumba nyumbani, nimepangisha. Inahesabiwa?

Ukiwa mkazi wa Uingereza kwa mambo ya kodi, kwa kawaida mapato yako ya dunia nzima yanahesabiwa, na hiyo kodi ya pango imo. Mtu mwenye 58,500 kazini na pango la pauni 3,000 kwa mwaka baada ya gharama ameshavuka mstari bila kujua. Usidhani kwamba pesa isipovuka mpaka haionekani, maana nchi nyingi zinapeana taarifa za akaunti za benki. Kwa Universal Credit nyumba hiyo ina tatizo jingine, liko kwenye swali la 18.

11. Mwaka huu nilipata ovataimu nyingi nikavuka, mwaka ujao narudi chini. Nifunge Child Benefit?

Usifunge. Kila mwaka wa kodi unasimama peke yake. Lipa kwa mwaka uliovuka, mwaka ujao hudaiwi. Kama ulishaomba wasikulipe na sasa kipato kimeshuka, waombe waanze tena.

12. Tunaishi pamoja hatujafunga ndoa, na watoto si wake. Kipato chake kinanihusu?

Ndiyo. Mkiishi kama mume na mke, yeye akiwa na kipato kikubwa kuliko wako na amevuka mstari, ndiye atakayedaiwa, hata kama hajawahi kumnunulia mtoto huyo peremende. Anadaiwa kwa wiki mlizoishi pamoja tu. Kama alihamia Novemba, kuanzia hapo. Mkiachana katikati ya mwaka, mwisho ni hapo. Andikeni tarehe mahali. Baada ya mwaka na nusu hakuna anayeikumbuka vizuri, hasa kama mliachana kwa ugomvi.

13. Hatukujua kabisa, sasa ni mwaka wa tatu.

Waandikieni HMRC kabla wao hawajawaandikia. Anayejitokeza mwenyewe adhabu yake huwa ndogo kuliko anayekamatwa, na akiwa na sababu ya msingi inaweza kufutwa, ingawa kodi yenyewe na riba vitabaki. Wanakubali kulipwa kwa awamu. Kabla ya kulia, fanyeni hesabu ya swali la 8 kwa kila mwaka. Kuna familia iliyokuja kwangu ikiwa na hofu ya maelfu, na pensheni ilipotolewa, miaka miwili kati ya mitatu ikawa chini ya mstari.

## Universal Credit

14. Kila pauni inayoongezeka inakata kiasi gani?

Peni 55, baada ya kuvuka kiwango kinachoachwa bila kuguswa. Mwenye mtoto anaachiwa pauni 411 kwa mwezi kama analipiwa pia pango la nyumba, au 684 kama halipiwi. Kinachohesabiwa ni mshahara uliobaki baada ya kodi, bima ya taifa na pensheni.

Mama wa mtoto mmoja, amepanga nyumba na analipiwa pango, analeta nyumbani 1,400 kwa kazi ya kuhudumia wazee. Toa 411, zinabaki 989. Asilimia 55 yake ni 543.95, na hicho ndicho kinachokatwa kwenye Universal Credit yake. Akianza kuleta 1,500, makato yanakuwa 598.95. Nyongeza ya 100 mkononi imemwachia 45.

Kama mnalipia mtu wa kulea mtoto ili mwende kazini, hadi asilimia 85 ya gharama inaweza kurudishwa, kwa kikomo cha pauni 1,031.88 kwa mwezi kwa mtoto mmoja na 1,768.94 kwa wawili au zaidi. Mtu akiongeza zamu bila kuuliza hili, nyongeza yote inaishia kwa mlezi.

15. Natakiwa kupeleka slipu ya mshahara kila mwezi?

Kwa aliyeajiriwa, hapana. Mwajiri anapokulipa anaitumia HMRC taarifa siku ile ile, na DWP wanaiona. Kazi yako ni kulinganisha kilichoandikwa kwenye akaunti yako ya mtandaoni na slipu. Ukijiajiri, unaandika mwenyewe mapato na matumizi ya kila mwezi. Mabadiliko mengine, kama kuhama, mwenza kuingia, mtoto kuondoka au kupanda kwa pango, unaripoti wewe, na siku hiyo hiyo ikiwezekana.

16. Mwezi huu wamenikata karibu yote, na mshahara wangu haujapanda. Kuna nini?

Je, unalipwa kila baada ya wiki nne? Hapo ndipo penye tatizo. Universal Credit inahesabu kwa mwezi wa kalenda, wewe unalipwa mara 13 kwa mwaka. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka mishahara miwili inaangukia kwenye kipindi kimoja. Yule mama wa swali la 14, kama 1,400 zake zinaingia kila wiki nne, mwezi huo anaonekana ana 2,800, na makato yanaruka hadi pauni 1,313.95. Anayelipwa kila wiki naye ana miezi yenye mishahara mitano badala ya minne.

Si kosa la kompyuta, ndivyo sheria ilivyo. Chukua kalenda, andika tarehe zako za malipo za mwaka mzima, weka duara kwenye mwezi wenye mbili, na usiuguse mshahara wa pili wote. Mimi kalenda yangu niliibandika kwenye friji, baada ya mwezi mmoja uliotufundisha adabu.

Anayelipwa mara moja kwa mwezi, lakini mwajiri akawahisha kwa sababu ya sikukuu au wikendi, yeye anaweza kuomba mshahara mmoja uhamishiwe kipindi kingine. Kanuni ilibadilishwa Novemba 2020 baada ya akina mama wanne kushinda mahakamani.

17. Malipo yamekuwa sifuri. Nimefungiwa moja kwa moja?

Si lazima. Kipato kikishuka ndani ya miezi sita unaweza kuendelea kwa kuthibitisha taarifa zako chache, bila kuanza upya na kusubiri wiki tano. Tahadhari ni moja: mapato ya mwezi ulioleta sifuri yakizidi kile kiwango kinachofanya malipo yaishe kwa zaidi ya pauni 2,500, ziada hiyo inabebwa hadi miezi inayofuata. Huwapata wenye bonasi kubwa au malimbikizo ya mshahara, si mwenye zamu mbili za Krismasi.

18. Nimeweka akiba kutokana na nyongeza. Inaniathiri?

Hadi pauni 6,000, hapana. Kuanzia hapo hadi 16,000, kila pauni 250 au sehemu yake inahesabiwa kama kipato cha pauni 4.35 kwa mwezi. Ikizidi 16,000, Universal Credit inasimama. Kwa wenza, akiba zenu zinajumlishwa. Child Benefit haiangalii akiba, ila riba yake inaingia kwenye mapato ya swali la 8.

Na ile nyumba ya swali la 10? Kama huishi humo, thamani yake kwa kawaida inahesabiwa kama mali, popote ilipo. Hata kiwanja. Kuna nafuu katika hali fulani, mfano ukiwa unachukua hatua za kuiuza. Usiiandike kama haipo. Pata ushauri wa bure kwanza, Citizens Advice wanaijua sehemu hii.

19. Nasikia kuna kikomo cha benefiti zote. Nyongeza inanisaidiaje?

Hapa kupanda kwa kipato ni neema. Jumla ya malipo ya familia ina dari, na Child Benefit imo ndani ya jumla hiyo. Lakini mishahara yenu baada ya makato ikifika pauni 846 kwa mwezi, dari inaondolewa. Mtu anayeleta 800 akiongeza saa chache anaweza kupata mshahara zaidi na benefiti zaidi kwa pamoja. Ni mahali pachache sana panapokwenda hivyo.

20. Nina watoto watatu, wa tatu hawamlipii.

Huo ni ule mpaka wa watoto wawili wa Universal Credit, uliowahusu waliozaliwa kuanzia Aprili 6, 2017. Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kuuondoa kuanzia Aprili 2026. Child Benefit haikuwahi kuwa na mpaka huo, mtoto wa tano analipiwa kama wa pili.

## Vinavyokatika ghafla

21. Chakula cha bure shuleni kitaondoka?

Kwa England, mwenye Universal Credit alitakiwa asizidi pauni 7,400 za mshahara kwa mwaka baada ya kodi. Kuanzia Septemba 2026 kila familia yenye Universal Credit inastahili. Ukitoka kwenye Universal Credit, ndipo unatoka.

22. Sisi tuko Scotland.

Basi mna Scottish Child Payment, pauni 27.15 kwa wiki kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 16. Hii haipungui taratibu. Ukiwa na pauni moja ya Universal Credit unaipata kamili, Universal Credit ikiisha, nayo inaisha. Kwa watoto watatu ni zaidi ya pauni 350 kwa mwezi. Hapa ndipo yule anayesita kuchukua saa za ziada ana hoja. Kabla hujakubali, piga hesabu ya mwezi ambao Universal Credit itafika sifuri, na uone kama kuongeza mchango wa pensheni kunakubakiza ndani.

23. Na huko juu, kwenye 100,000?

Mzazi mmoja akizidi 100,000 za mapato ya swali la 8, hata kwa pauni moja, familia inapoteza saa 30 za malezi zinazolipiwa kwa watoto wadogo England, na ile nafuu ya Tax-Free Childcare, mchango wa serikali kwenye gharama za malezi. Wenye watoto wawili chekechea wanaweza kupoteza maelfu kwa sababu ya bonasi ndogo. Njia ya kushuka chini ya mstari ni pensheni tena, kama kwenye swali la 8.

## Ya wachache

24. Viza yangu imeandikwa sina haki ya fedha za umma.

Child Benefit na Universal Credit zote ni fedha za umma. Usiombe kwa jina lako, maana inaweza kuharibu ombi lako la viza. Kama mwenzako ana ukazi au uraia, yeye anaweza kuomba. Kwa Universal Credit ataomba kama mtu mmoja, lakini mshahara wako bado utahesabiwa. Muulize mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kwanza. Kundi la WhatsApp si mahali pake, hata hili langu.

25. Mwanangu ana miaka 17, kapata kazi ya Jumamosi.

Mshahara wake si wako. Akiwa bado anasoma sekondari ya juu au mafunzo yanayokubalika, Child Benefit inaendelea, hata hadi anapofika miaka 20. Akiacha masomo na kufanya kazi saa 24 au zaidi kwa wiki, inasimama, na ni wewe unayetakiwa kusema. Akiwa na miaka 21 bado yuko chumbani kwake, Universal Credit inaweza kukata pauni 93.02 kwa mwezi kwenye pango, kwa kudhani anachangia. Mwambie achangie kweli.

26. Wamenilipa zaidi kwa kosa lao wenyewe. Natakiwa kurudisha?

Kwa Universal Credit, kwa kawaida ndiyo, hata kosa likiwa lao. Unaweza kuomba makato ya kila mwezi yapunguzwe, na ukiona hesabu si sahihi una mwezi mmoja wa kuomba waitazame upya kabla ya kukata rufaa. Liandike kwenye shajara ya akaunti yako ya mtandaoni badala ya kupiga simu, kwa maneno machache na tarehe, kisha piga picha skrini. Simu haina kumbukumbu utakayoionyesha kwa hakimu.